Maswali ya Wasomaji: Ubongo wa Mzee Unashika Kutu?

Toleo lililopita nilidokeza kwenye kona hii, tena kwa sentensi moja tu, kwamba ubongo wa binadamu kadiri unavyozeeka unajikusanyia madini ya chuma, na kwamba mengi yanajaa kwenye seli za msaada, sio kwenye zile seli za neva tunazozisifia kwamba ndo zinafikiri. Kumbe nimewasha moto. Kuna aliyeacha vidonge vya damu na mimba juu, kuna aliyefuta dagaa nyumba nzima, kuna anayetaka kumpa babake dawa ya kuvuta chuma kichwani. Kwa hiyo leo presha na kisukari vikae pembeni, ukurasa wote ni chuma, na salamu ndefu nimezikata ili tuenee. (Mnaoniita dokta, mi ni mtu wa maabara, wodini sikai, ila sawa tu.)

Dokta shikamoo. Nasoma diploma ya maabara hapa Mwanza. Hizo seli za msaada ni zipi, na chuma kinafanya nini huko? Halafu ni kweli ubongo unashika kutu? Nimewaambia washkaji hosteli wakanicheka mpaka basi.

Marahaba mwanangu. Wasikucheke, hilo la kutu haliko mbali na ukweli. Chuma ndani ya seli hakiachwi kizurure, kinafungiwa kwenye protini inaitwa feritini, vipande 24 vimeshikana vikaacha uwazi katikati, na mle ndani zinaingia mpaka atomu 4,500 hivi za chuma. Kikishaingia mle kinakuwa punje ya madini ambayo kwa kemia yake ni ndugu wa kutu ya bati kabisa, oksidi ya chuma yenye maji. Tofauti ni kwamba kutu ya bati ni uharibifu, hii ya feritini ni ulinzi. Chuma kikiwa kimefungwa hivyo hakimdhuru mtu, balaa linaanza pale kinapotoka.

Sasa seli. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva kama bilioni 86, na zisizo za neva zinakaribia idadi hiyohiyo, bilioni 85 hivi, hiyo ni hesabu ya watafiti wa Brazil ya mwaka 2009, kwa hiyo ile habari kwamba seli za msaada ni mara kumi ya seli za neva iachie vitabu vya zamani. Kwenye hizo za msaada kuna makundi matatu ya kuyajua. Oligodendrositi ndo zinazovisha nyuzi za neva ule utando wa mafuta unaoitwa mayelini ili umeme uende haraka. Astrositi zina mikono mingi, mkono mmoja uko kwenye mshipa wa damu mwingine uko kwenye neva, zinapitisha chakula, zinasawazisha chumvi. Na mikroglia ni askari na mfagizi kwa wakati mmoja, zinatembeatembea zikila uchafu, vijidudu na seli zilizokufa.

Ukichukua ubongo wa kijana ukaupaka rangi ya kuonyesha chuma, ile rangi ya buluu ya Perls ambayo naamini mmeshaifanya kwenye vipande vya ini, seli zinazowaka kuliko zote ni oligodendrositi. Sio ajabu, kutengeneza mayelini ni kazi inayokula chuma sana, vimeng'enya vya kutengeneza mafuta na vya kuzalisha nguvu vinakitaka. Kwa hiyo chuma kwenye seli za msaada sio ugonjwa, ndo makazi yake ya kawaida toka mwanzo, hili naomba ulishike kabla hatujaendelea maana meseji nyingi nilizopata zimeanzia kwenye hofu.

Ubongo wa mtoto mchanga karibu hauna chuma cha akiba. Wasweden wawili, Hallgren na Sourander, mwaka 1958 walipima bongo za watu wa umri wote, wakakuta chuma kinapanda kwa kasi utotoni mpaka miaka ya ishirini au thelathini, halafu sehemu nyingine kinatulia na nyingine kinaendelea kupanda taratibu hadi uzeeni. Na hakipandi sawa kila mahali. Kuna kijisehemu cha chini katikati ya ubongo kinaitwa globus pallidus, kinahusika na mwendo, walikuta miligramu 21 hivi kwenye kila gramu 100, wakati ini, ambalo wote tunajua ndo stoo ya chuma, kwenye jedwali lao lilikuwa na kama 13. Gamba la mbele la ubongo lilikuwa na karibu 3 tu. Yaani una kichwani kipande kidogo kinachoizidi stoo yenyewe na hujawahi kukisikia.

Kilichokuja kuonekana baadaye, hasa kazi ya James Connor na wenzake kule Pennsylvania mwaka 1990, ni nani anabeba huo mzigo kwa umri. Oligodendrositi zinabaki na chuma kilekile karibu, ila mikroglia na astrositi zinazidi kujaa kadiri mtu anavyozeeka. Mikroglia inajaa kwa sababu inakula: mayelini iliyochakaa ina chuma, seli iliyokufa ina chuma, damu kidogo iliyovuja kwenye kamshipa kadogo ka mzee ina chuma kibao, ye anameza vyote na njia ya kukitoa chuma nje ya seli ni mlango mmoja tu unaojulikana, protini ya feroportini, na mwili ukiwa na uvimbe wa muda mrefu, yaani kinga inawaka bila kuzimika, mlango huo unabanwa. Anameza, hatoi. Miaka 40 ya hivyo unapata jibu lako.

Mama yangu ana miaka 74, alikuwa anasahausahau tukampeleka MRI. Ripoti imeandikwa kuna madini ya chuma yamejaa kwenye basal ganglia pande zote mbili. Nimepaniki. Nimemkatia dagaa, maini, mchicha, matembele, sa hivi anakula ugali na kabichi na analalamika. Nimekosea? Ni mimi binti yake wa Tanga.

Pole na mawazo dada yangu, na mrudishie mama dagaa zake leo leo.

Hiyo basal ganglia ni kundi la visehemu vya chini ya ubongo, na hiyo globus pallidus niliyomwambia kijana wa Mwanza imo humohumo. Chuma kinavuruga sumaku ya MRI kidogo kwa hiyo pale kilipo picha inatoka nyeusi, ukimpiga picha mtu yeyote wa miaka 74 kwa mashine nzuri utaona weusi hapo, na kwa pande zote mbili sawasawa ndo kawaida kabisa ya uzee. Kingekuwa upande mmoja tu, au kiko mahali pasipotegemewa, au mtu ana miaka 25, hapo maongezi yanabadilika, maana yapo magonjwa adimu ya kurithi ambayo chuma kinajaa ubongoni mapema. Kwa mfano kuna mmoja ulitambuliwa mwaka 2001 kwenye familia za kaskazini mwa Uingereza, gini ya feritini yenyewe ndo mbovu, ghala limejengwa vibaya toka mwanzo. Mama hayuko huko. Kitu kimoja cha kumuuliza daktari ni kama ana uhakika ni chuma sio chokaa, maana kwenye baadhi ya picha za MRI vyote viwili vinatoka vyeusi na CT ndo inaamua ugomvi.

Kuhusu chakula, chuma cha sahani hakiendi moja kwa moja kichwani. Utumbo wenyewe unachukua miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, kingine kinatoka chooni. Kikishaingia kwenye damu bado kuna ukuta kati ya damu na ubongo, mishipa ya kichwani imeshikana seli kwa seli haina nyufa kama ya sehemu nyingine, chuma kinapitishwa kwa vipokezi maalumu na ubongo unavipunguza ukishatosheka. Watu wenye ule ugonjwa wa kurithi wa kujaza chuma mwilini, ambao uko sana kwa watu wa asili ya Ulaya, ini linaweza kuharibika kabisa na ubongo kwa sehemu kubwa ukaponea. Basi kama gramu nzima za chuma cha ziada kwenye ini hazivunji huo ukuta, mchicha wa mama Tanga utavunja?

Tena nakuogopesha upande wa pili: mzee wa miaka 74 anayelishwa ugali na kabichi atapungukiwa damu, na damu ikipungua kwa mzee kusahau kunaongezeka, utasema ugonjwa umekolea kumbe ni kabichi. Mpimeni wekundu wa damu, vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, na presha isimamiwe. Hayo yana tiba. Ule weusi wa kwenye picha hauna tiba na mara nyingi hauhitaji.

Mwalimu, mimi hufundisha biology hapa Nakuru. Swali langu ni fupi: hicho chuma ndicho kinaleta Alzheimer na Parkinson ama kimekuja tu kwa matanga?

Mwalimu umeuliza swali ambalo watafiti wanagombania mpaka leo, na hilo la matanga nimelipenda nitaliiba. Kwa wasomaji wengine, Alzheimer ni ugonjwa wa uzeeni wa kupoteza kumbukumbu, Parkinson ni ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa.

Ushahidi wa kukishtaki upo. Mwaka 1894 Mwingereza anaitwa Fenton alieleza kwamba chuma kikikutana na haidrojeni peroksaidi kinazalisha kitu kikali sana cha kuunguza, na peroksaidi hiyo kila seli inaitengeneza kila siku kwa kupumua kwake tu. Ubongo ni mafuta mengi na unatumia oksijeni nyingi, kwa hiyo chuma kilichotoka kwenye feritini kinapata cha kuunguza. Halafu mwaka 2012 kundi la Brent Stockwell pale Columbia, New York, wakaipa jina aina ya kifo cha seli ambayo haifanani na vifo tulivyozoea, seli inakufa kwa sababu mafuta ya utando wake yameungua kwa msaada wa chuma, wakaiita feroptosisi. Na ukija kwenye seli zetu za msaada, Wolfgang Streit wa Florida na wenzake walionyesha kwamba mikroglia za wazee wengi, hasa wenye Alzheimer, zimechoka, mikono imekatikakatika, zimevimba vinundu, na zile zilizochoka ndo hizohizo zimejaa feritini. Mfagizi ameshiba takataka mpaka hawezi kuinama.

Sasa upande wa utetezi. Parkinson chuma kinaongezeka kwenye substantia nigra, kijisehemu cha ubongo kinachosaidia kuongoza mwendo, sawa, ila hapo ndo penye seli zinazokufa na mikroglia zinazozila, kwa hiyo kinaweza kuwa ni mabaki ya msiba sio muuaji. Halafu globus pallidus ina chuma kuliko zote na kwenye Parkinson sio yenyewe inayokufa kwanza. Wingi wa chuma peke yake hauelezi kitu, kinachohesabika ni kimefungwaje na kiko kwenye seli gani.

Mimi nikilazimishwa kuchagua ningesema hakuanza yeye, ila akishafika anachochea. Ni maoni yangu hayo. Ushahidi mzito kuliko wote umetokana na watu waliojaribu kukitoa, na hapo chini kuna ndugu yetu wa Muscat ameuliza hilohilo.

Assalaam alaykum dokta. Nipo Muscat, baba yangu mzee ameanza kutetemeka mkono na wamesema ni Parkinson. Binamu yangu ana thalasemia, toka mdogo anaongezewa damu na anakunywa deferiproni ya kutoa chuma. Nimesoma kwenye toleo lenu chuma kinajaa kichwani kwa wazee. Sasa nauliza, baba akichangia hivyo vidonge vya binamu kidogo kidogo itasaidia? Naona dawa ipo nyumbani tayari.

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hapana. Usimpe hata kimoja, na nitakueleza mpaka uridhike maana wazo lako sio la kijinga, watu wenye shahada nyingi walilifikiria kabla yako na wakalipima vizuri.

Kwanza binamu, thalasemia ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila chupa ya damu anayoongezewa inaingiza miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kukifukuza, unapoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku kwa ngozi na utumbo kubanduka. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 au 4. Piga hesabu mwenyewe, chupa mbili kila mwezi. Bila dawa hiyo chuma kitamjaa kwenye moyo na ini kimuue, kwa hiyo vidonge vyake ni uhai wake na wala asigawe.

Baba yako hana hilo tatizo. Chuma cha mwili wake hakijazidi, kimehama tu na kukusanyika sehemu isiyotakiwa. Deferiproni inapita ule ukuta wa ubongo, ndo maana watafiti waliitamani. Wakafanya jaribio kubwa la Ulaya, likatoka mwaka 2022, watu 372 waliogundulika na Parkinson karibuni na ambao walikuwa hawajaanza levodopa, ile dawa ya kawaida ya Parkinson, nusu wakapewa deferiproni na nusu vidonge bandia, wiki 36. Chuma kwenye substantia nigra kweli kilipungua, MRI ilionyesha. Na wagonjwa? Walizidi kuwa vibaya. Kwenye kipimo cha dalili ambacho namba ikipanda ndo ugonjwa unaongezeka, wa deferiproni walipanda pointi 15.6 na wa vidonge bandia 6.3, na asilimia 22 ya waliokuwa kwenye dawa ilibidi waanzishiwe matibabu ya dalili haraka wakati upande wa pili walikuwa asilimia 2.7. Wawili seli nyeupe za kinga ziliwaisha karibu kabisa na wengine watatu zikawashuka, hayo ndo madhara yanayojulikana ya hiyo dawa, binamu yako naamini wanampima damu mara kwa mara kwa sababu hiyo.

Kwa nini wakawa vibaya? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kimeng'enya kinachotengeneza dopamini, ile kemikali ya ubongo ya kuendesha mwendo, na Parkinson ni ugonjwa wa kupungukiwa dopamini, kinahitaji chuma ili kifanye kazi. Ukikivuta chuma unakigusa cha akiba na cha kazini vilevile, dawa haichagui. Mgonjwa ambaye alikuwa bado ana uzalishaji kidogo umemzimia na hako kadogo.

Alzheimer nako wamejaribu. Zamani, mwaka 1991, kundi la Toronto liliwafuatilia wagonjwa 48 kwa miaka miwili, baadhi yao wakachomwa dawa nyingine ya kuvuta chuma na alumini, na kwa waliochomwa waliona uwezo wa kujihudumia nyumbani unashuka polepole zaidi, watu wakafurahi. Halafu mwaka 2024 Waaustralia wakatoa matokeo ya deferiproni kwa watu 81 mwaka mzima: chuma kwenye eneo la kumbukumbu kilizuiwa kuongezeka, lakini akili ilishuka haraka kuliko waliokunywa vidonge bandia. Yaani mara mbili, magonjwa mawili tofauti, dawa imefanya kazi yake kwenye picha na mgonjwa akaumia.

Baba aende kwa daktari wa neva, aulizie levodopa, aanze mazoezi ya mwili ya kueleweka, na kama ana choo kigumu kitibiwe maana kinamsumbua mgonjwa wa Parkinson kuliko watu wanavyofikiri. Mpe salamu zangu mzee.

Mambo dokta, nina mimba ya miezi mitano niko Kigoma. Kliniki wamenipa vile vidonge vya damu, mume wangu amesoma gazeti lenu ameniambia niache visije vikamjaa mtoto kichwani. Nifanyeje?

Meza vidonge. Mwambie na shemeji nimesema mimi.

Mtoto aliyeko tumboni anajenga ubongo kwa chuma anachokinyonya kwako, zile oligodendrositi zake ndo zinajiandaa kuvisha neva mayelini, akikosa sasa hivi kuna vitu havirudi hata akija kulishwa maini kila siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku ya ujauzito pamoja na folik asidi. Uzee wa ubongo ni habari ya miaka 60 ijayo. Vikikukera tumbo au choo kikawa cheusi usishtuke, choo cheusi ni chuma kilichobaki, meza usiku kabla ya kulala na chungwa pembeni, sio na chai.

Kama chuma ni kizuri kwa ubongo wa mtoto basi nimnunulie mwanangu wa miaka miwili ile siropu ya damu anywe tu moja kwa moja, ana afya nzuri ila nataka awe na akili. Mzazi, Chake Chake.

Hee, sasa tumeruka upande wa pili wa ukuta. Na wewe wa Chake Chake ndo usingetakiwa kuniuliza, maana jibu la dunia nzima limetoka kisiwani kwenu! Pemba ndipo lilipofanyika lile jaribio la watoto zaidi ya 24,000 wa chini ya miaka mitatu, matokeo yakachapishwa mwaka 2006: watoto waliopewa chuma na folik asidi kila siku bila kupimwa kwanza walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa kubwa zaidi kwa asilimia 12, wakati huo malaria ikiwa kali Pemba. Sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya muda. Ila ndani ya jaribio hilohilo, watoto ambao walipimwa wakakutwa kweli wana upungufu na malaria yao ikafuatiliwa na kutibiwa, chuma kiliwafaa. Kwa hiyo mpime kwanza. Ana upungufu, apewe kwa dozi na malaria ichungwe. Hana, mpe samaki na maharage mwache acheze.

Assalaam alaykum. Nikipigwa hijama mara kwa mara au nikichangia damu, chuma cha kichwani kitapungua? Shekhe mmoja hapa Mombasa amesema inasafisha ubongo.

Waalaykum salaam. Damu ya kuchangia, kama mililita 450, inaondoka na miligramu 200 na kitu za chuma, hicho ni cha mwilini, uboho unakuja kuchota kwenye ini kufidia. Cha kichwani kiko nyuma ya ukuta wake kwenye mikroglia na feritini yake, hakijui kama umechangia. Hijama damu yake ni kidogo zaidi ya hapo. Ukitaka kufanya kwa ajili ya dini fanya kwa mtu msafi mwenye wembe mpya, na damu changia kwa sababu kuna mama anajifungua leo usiku Coast General anaihitaji, sababu hiyo inatosha.

Harakaharaka: (1) Kupikia sufuria za chuma kuna madhara kwa ubongo? (2) Chai na chakula je? (3) Wanawake waliokoma hedhi wanajaza chuma? Naomba usinitaje hata mji.

Moja: hapana kwa ubongo. Kuna watu wa kusini mwa Afrika walijaza chuma kwenye ini kwa kunywa pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye mapipa ya chuma miaka na miaka, pombe ina asidi inakwangua chuma, tena inaonekana ilitakiwa na asili ya kurithi kidogo. Wali wa nusu saa haufanyi hivyo. Mbili: chai ya rangi au ya maziwa pamoja na mlo inaweza kukata chuma cha mboga na nafaka kwa nusu au zaidi, mwenye upungufu wa damu aisogeze saa moja au mbili, asiye na upungufu anywe tu anavyopenda. Tatu: ndiyo, akiba ya mwilini inapanda baada ya hedhi kukoma kwa kuwa hakuna tena kinachotoka kila mwezi, feritini yako inaanza kufanana na ya wanaume. Kwa hiyo kama umeshakoma na bado unajinunulia vidonge vya damu dukani kwa mazoea tu, pima kwanza.

Mi tatizo langu ni miguu. Nikipanda kitandani inaanza kama kuna wadudu wanatembea ndani ya mifupa, lazima niamke nitembeetembee ndo inatulia, nikilala inaanza tena. Mke wangu amehamia chumba cha watoto. Nina miaka 52, Dodoma. Najua sio mada ya leo samahani.

Kaka yangu ni mada ya leo kabisa, umekuja na swali bora kuliko wote na unaomba samahani!

Hiyo ni miguu isiyotulia, ugonjwa halali una jina lake hospitalini, sio majini wala uchovu. Na cha ajabu ni kwamba kwenye ugonjwa huu ubongo haujajaa chuma, umepungukiwa. Waliochunguza bongo za wagonjwa baada ya kufa, na waliopiga MRI, walikuta substantia nigra ina chuma kidogo kuliko kawaida, tena wakati mwingine damu ya mgonjwa iko sawa tu, wekundu sawa. Ule ukuta tuliousifia kule juu kwa mama wa Tanga hapa ndo unabana mno. Ndo maana dalili zinasumbua sana wajawazito, wenye upungufu wa damu na wagonjwa wa figo.

Kwa hiyo wewe unachotakiwa kudai maabara sio kipimo cha wekundu wa damu peke yake, dai feritini ya damu, asubuhi kabla hujala, na kama hujapona mafua au homa subiri kidogo maana uvimbe unaipandisha kwa uongo. Miongozo ya wataalamu wa ugonjwa huu inasema mwenye miguu isiyotulia akiwa na feritini ya 75 au chini, kwa mikrogramu kwa lita, anaweza kutibiwa kwa chuma, wakati karatasi nyingi za majibu zitakuandikia 75 ni kawaida na watakurudisha nyumbani, hapo usikubali, mwonyeshe daktari gazeti hili. Ulizia pia kama kuna dawa unakunywa za mzio au za kichefuchefu au za sonona, baadhi zinaamsha miguu vibaya sana, na kahawa ya jioni punguza. Ikikutwa feritini iko chini jiandae kusubiri, kwa vidonge unaweza kumaliza miezi mitatu ndo ukaona mabadiliko. Na kwa mwanaume wa miaka 52, chuma kikiwa chini lazima itafutwe damu inavujia wapi, tumbo na utumbo vichunguzwe, hilo usiliruke hata kama miguu imeshatulia.